Mdogo wangu kapasuka bandama, leo siku ya tatu hajapelekwa thieta, hii ni sawa kweli?

Mpwa_wa_Kitangari – Jumatano, saa 4 usiku

Wakuu habari za usiku, naombeni mawazo yenu hasa mliopo sekta ya afya, hapa nilipo nimekaa kwenye benchi nje ya wadi, akili imechoka na kesho asubuhi familia inataka jibu.

Mdogo wangu ana miaka 19. Jumapili alikuwa anapeleka korosho ghalani kwa pikipiki, gunia kalifunga nyuma, ile njia ina kichanga kingi, tairi la mbele likazama pikipiki ikagoma palepale, yeye na gunia wakaja mbele, usukani ukamwingia kushoto chini ya mbavu na gunia likamkandamiza kwa nyuma. Akaamka mwenyewe. Akajikung'uta mchanga, wapita njia wakamsaidia kunyanyua pikipiki akaiendesha mpaka nyumbani, mwilini hana kitu zaidi ya mchubuko kwenye kiwiko. Mama akamkanda tumbo na maji ya moto, akala ugali akalala. Saa 8 usiku ananiamsha anasema bega la kushoto linamuuma, tukashangaa bega lina nini wakati hakuliangukia, alivyosimama aende kujisaidia akadondoka mlangoni, jasho la baridi, midomo imekuwa myeupe kabisa.

Hospitali tuliyopo siitaji. Walimpima altrasaundi wakasema kuna damu tumboni na bandama lina ufa, wakamwekea dripu mbili mikono yote, tukachangia damu akawekwa chupa 2. Toka hapo yupo kitandani. Kila nikimuuliza daktari ananiambia "tunamwangalia". Sasa mjomba wetu mkubwa, na huku kwetu mnajua mjomba akisema kasema, anauliza mtu kapasuka ndani unamwangaliaje, anaona tunaachwa kwa sababu hatujaonyesha hela. Anataka kesho tumtoe, ama apande basi la alfajiri la Dar ama arudi nyumbani kuna mzee anachua watu walioanguka mikorosho na wanapona.

Naomba kujua tu, bandama likipasuka linaweza kupona bila kupasuliwa? Au wanatuzungusha?

---

Bi_Somoe – saa 4:12 usiku

Pole sana mwanangu, Mungu amsimamie. Mimi sio daktari ila usiku huu usikubali mtu yeyote akaguse hilo tumbo, wala kuchua wala kukanda wala kumpaka kitu. Wataalamu wapo humu watakujibu, subiri.

---

CO_Kusini – saa 4:25 usiku

Mpwa pole. Mimi ni tabibu, nimefanya kazi hospitali za wilaya Lindi na Mtwara miaka kadhaa. Kabla sijasema lolote ingia wadini omba kwa heshima sista akusomee chati ya mdogo wako uniandikie hapa: mapigo ya moyo na presha toka Jumatatu mpaka leo, wingi wa damu (HB) wa kwanza na wa leo, mkojo unatoka? Halafu mwambie mdogo wako alale chali akunje magoti, weka kiganja juu ya tumbo taratibu usibonyeze, ni laini au limekaza?

---

Mpwa_wa_Kitangari – saa 4:50 usiku

Sista kanisomea, Mungu ambariki hakuninyima. Jumatatu alfajiri mapigo 128 presha 92/60, HB 6.8. Baada ya damu jioni mapigo 110. Jana 102 halafu 98. Leo jioni mapigo 90 presha 114/70, HB jana 8.4 na leo 8.3. Amewekwa mpira wa mkojo, mkojo upo na ni wa njano ya kawaida. Tumbo laini ila kushoto juu akiguswa anakunja uso. Analalamika njaa, toka asubuhi anasema anataka uji.

---

CO_Kusini – saa 5:40 usiku

Asante, hizo namba zimenipa nafuu hata mimi. Sasa naandika kirefu, kesho msomee mjomba.

Majeraha ya tumbo tunayopokea huku kusini yapo ya aina mbili. Kuna ya kuchomwa, kisu, panga, mshale, huko Liwale pembe ya nyati, haya kila mtu anaona damu na anakimbia. Na kuna ya kubondwa, ngozi nzima ila ndani kumepasuka, ndo ya mdogo wako. Usukani wa pikipiki, kudondoka mnazini, kudondoka mkorosho wakati wa kupogoa, teke la tumbo, ukuta wa tofali kumwangukia mtu masika. Haya ya pili ndo ninayoyaogopa zaidi kwa sababu mtu anajikagua haoni kidonda anaenda zake nyumbani kula ugali kama alivyofanya mdogo wako. Kwenye kubondwa kinachopasuka mara nyingi ni bandama, linafuata ini. Kwenye kuchomwa mara nyingi ni utumbo mwembamba. Na ukienda wadi yoyote ya upasuaji hapa nchini wengi waliolala kwa majeraha ya tumbo ni vijana wa kiume, na pikipiki ndo imewaleta.

Bandama limekaa kushoto nyuma ya mbavu ya 9 mpaka ya 11, limejaa damu kama sifongo iliyolowa na kilichoifunika ni kigozi chembamba sana. Na sisi wa huku tuna mzigo wa ziada, malaria za mara kwa mara toka utoto zinalivimbisha, likivimba linachungulia chini ya mbavu ambako hakuna ulinzi, na linakuwa jepesi kupasuka hata kwa kipigo ambacho mtu mwingine angejipangusa akaondoka.

Lile bega lilikuwa linawaambia. Damu ikikusanyika chini ya kiwambo cha kupumulia inaukera mshipa wa fahamu ambao chanzo chake kipo shingoni, ubongo unadhani maumivu yanatoka begani. Kijana kapigwa tumboni halafu bega la kushoto linauma na hakuliangukia, fikirieni bandama na mwende hospitali usiku uleule, msisubiri kuche. Likiwa bega la kulia fikirieni ini.

Sasa swali lako. Ndiyo, linaweza kupona bila kupasuliwa, na kwa hali ya mdogo wako hicho ndicho ningetaka hata angekuwa mtoto wangu. Zamani kila bandama lililopasuka lilikuwa linatolewa. Baadae madaktari wakaona, wakianzia kwa watoto, kwamba ufa mdogo mpaka wa kati ukiachwa mtu ametulia kitandani damu inaganda na ufa unaziba wenyewe. Kwa watoto ambao hali yao imetulia zaidi ya 9 kati ya 10 wanapona hivyo, watu wazima nao wengi wanapona. Na bandama ni kiungo cha kazi, kinachuja damu na kupigana na vijidudu, ukilitoa halirudi.

Mapigo na presha sasa, hapa ndo watu wanakosea hata wauguzi wageni. Mtu mzima ana damu kama lita 5. Kijana mwenye nguvu anaweza kupoteza lita moja na zaidi presha bado inasoma vizuri, kwa sababu mishipa inajibana na moyo unakimbia kufidia. Presha ni ya mwisho kushuka, mapigo ndo yanatangulia kupanda. Kwa hiyo mtu mwenye presha 110 na mapigo 130 yupo hatarini, na mtu mwenye presha 114 na mapigo 90 kama mdogo wako, ambaye juzi alikuwa 128, moyo wake unasema uvujaji umesimama. HB 8.4 kwenda 8.3 ni kitu kilekile. Ingekuwa imeshuka mpaka 6 ningekuambia kitu kingine.

Kinachowafanya wampasue haraka ni presha kugoma kukaa pamoja na dripu na damu, au tumbo kuwa gumu kama ubao, au utumbo kutoka nje, au HB kushuka kila wakipima. Hivyo kwa sasa hana. Ila siku 3 au 4 za mwanzo ndo za hatari zaidi, na wachache bandama linakuja kuvuja tena hata baada ya wiki, ndo maana hatakiwi kunyanyuka wala kurukishwa na gari. Umwambie mjomba, basi la alfajiri mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 550, kijana ana ufa wenye damu iliyoganda juzi, akianza kuvuja porini mule katikati ya Lindi na Kilwa nani atampasua? Mnakumbuka Mei 2024 kimbunga Hidaya kilivyokata barabara pale Somanga, magari yalikaa. Dar sio kwa kukimbilia.

La muhimu ni hili, ulizeni kwa adabu: usiku huu thieta inafanya kazi? mtu wa usingizi, yule anayemlaza mgonjwa asisikie maumivu akipasuliwa, yupo? kuna damu ya kundi lake kwenye friji? Wakisema vyote vipo, tulieni. Wakisema hakuna daktari wa kupasua, basi ombeni rufaa sasa hivi akiwa ametulia, kwa gari la wagonjwa na nesi ndani na dripu ikitembea, kwenda ya karibu. Mtwara hospitali ya Ligula ipo, hospitali ya Kanda ya Kusini pale Mitengo ipo, kwa wa Lindi Sokoine ipo, Ndanda na Nyangao za misheni toka enzi zinapasua. Huna haja ya kuvuka Rufiji.

---

Mwera_halisi – Alhamisi, saa 12 asubuhi

Samahani daktari nimesoma yote lakini mimi hilo neno "tunamwangalia" likinigusa masikioni nalia. Kaka yangu miaka minne iliyopita aligongana uwanjani, goti la mwenzake likamwingia tumboni. Tukaenda kituo kimoja, altrasaundi wakasema safi hakuna damu, wakamlaza wakasema anaangaliwa. Kuanzia jioni mpaka kesho yake mchana hakuna mtu aliyekuja kumshika. Akawa anatapika kijani, tumbo limejaa, hawezi hata kujigeuza, mama anaita nesi anaambiwa mpe dawa ya maumivu daktari atakuja. Alivyokuja kupasuliwa siku ya tatu utumbo ulikuwa umetoboka na tumbo zima usaha. Alikufa siku mbili baada ya operesheni, alikuwa na miaka 23. Sasa niambie huyo naye si alikuwa anaangaliwa?

---

CO_Kusini – saa 1:30 asubuhi

Dada au kaka yangu, pole. Sitakuja hapa kutetea. Huyo ndugu yako hakuangaliwa, alilazwa akasahaulika, na kwenye chati vyote viwili vinaandikwa neno moja.

Kuangalia maana yake daktari mmoja, mkono uleule, anarudi kushika tumbo lilelile kila baada ya saa chache na anaandika amekuta nini. Mkono uleule kwa sababu akibadilika kila zamu hakuna anayejua kama leo limekaza kuliko jana. Mapigo na presha kila saa siku ya kwanza, baadae kila saa 4. HB inarudiwa. Mkojo unapimwa, mtu wa kilo 60 anatakiwa atoe angalau mililita 30 kwa saa. Hospitali zetu nyingi hazina CT skani na hata zilizo nayo sio kila siku inawaka, kwa hiyo mashine yetu ni huo mkono na saa ya ukutani. Kama mkono hauji basi hakuna tiba pale kitandani.

Na umegusa jambo ambalo nataka kila mtu alisome. Altrasaundi inaona damu, na inatakiwa iwe imefika kama mililita 200 hivi. Sijui kama mmewahi kuona ile picha, kati ya ini na figo panakuwa na mstari mweusi mwembamba, kama mtu kapitisha kalamu, ule ndo damu. Ila utumbo uliotoboka hautoi damu nyingi, unatoa maji ya utumbo na uchafu kidogo kidogo, kwa hiyo altrasaundi ya siku ya kwanza inaweza kuwa safi kabisa wakati utumbo una tundu. Eksirei ya kusimama inaweza kuonyesha hewa chini ya kiwambo, ikionekana hakuna mjadala ni thieta, lakini isipoonekana haimaanishi mtu ni mzima. Utumbo unajitangaza kwa masaa: maumivu yanaanza pembeni yanaenea tumbo zima, linakaza, homa inapanda, mapigo yanapanda badala ya kushuka, kutapika kijani. Damu inaua kwa masaa, utumbo unaua kwa siku, na ule muda wa katikati ndo wa kumwokoa mtu.

Kwa hiyo Mpwa, mdogo wako bandama tunalijua, lakini usukani unaweza kupasua bandama na kutoboa utumbo kwa pamoja. Ndo sababu nyingine wanamwangalia. Tumbo likianza kukaza au homa ikipanda, usiite mara moja ukaa, nenda mpaka kwa daktari wa zamu.

---

Nesi_wa_Zamu – saa 4 asubuhi

Nimetoka zamu ya usiku nimekuta huu uzi nikasema siwezi kulala bila kuandika. Nipo wadi ya upasuaji mwaka wa 11.

Mpwa huo uji anaoutaka usimpe mpaka daktari aseme. Nimeona kwa macho yangu mama kaficha chupa ya uji kwenye khanga, kamnywesha mwanae saa 10 alfajiri, saa 12 hali ikabadilika inabidi thieta na tumbo limejaa uji, mtu wa usingizi anahangaika kwa sababu akilazwa usingizi tumbo likiwa limejaa anatapika na matapishi yanaingia kwenye mapafu. Mama hakuwa na ubaya, mtoto analia njaa. Njaa yenyewe ni dalili nzuri, mweleze hivyo.

Msimpe dawa za maumivu mlizonunua nje, hasa diklofenaki na aspirini, zinazuia damu kuganda vizuri. Msimkande, msimchue. Yule mzee wa kuchua mimi simtukani, viungo vya mguu anaweza, ila bandama lililoganda damu ukilisukuma na kidole unalifungua upya. Wagonjwa wa namna hiyo nimewapokea, wanakuja na mafuta yanang'aa tumboni na mapigo 140.

Damu. Hapa ndugu ndo mnaweza kusaidia kuliko kukaa nje mnalalamika, naomba nisieleweke vibaya. Chupa 2 alizopewa kuna mtu alizichangia, rudisheni na mweke za akiba, kwa sababu likifunguka usiku friji ikiwa tupu hata daktari bingwa hana la kufanya. Mwenye miaka 18 mpaka 65, kilo 50 na kuendelea, mzima wa afya, aje. Msimu wa korosho ndo tunapokea pikipiki nyingi na ndo msimu watu wapo mashambani hawaji kuchangia.

Na PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, fuatilieni mapema kwa kuwa ni ajali ya barabarani, mmoja aende wakati wengine wapo na mgonjwa. Wengine wanakaa nyumbani na mtu anavuja wanasubiri PF3 kwanza, hapana, dharura inatibiwa kwanza karatasi inafuata. Kuhusu hela, kama hamna bima kila hospitali kubwa ina afisa ustawi wa jamii, nendeni mkaongee nae wala msione aibu, hatuachi kupasua mtu kwa ajili hiyo.

---

Mchezaji_Zamani – saa 5 asubuhi

Sista swali la pembeni, na utumbo ukitoka nje tunafanyaje? Huku kijijini mwaka jana kijana kachomwa kisu kwenye ngoma, watu wakawa wanaurudisha ndani kwa mikono.

---

Nesi_wa_Zamu – saa 5:20 asubuhi

Msiurudishe kabisa. Funikeni kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji safi, juu yake mfuko safi wa plastiki usikauke, mlaze chali akunje magoti, hakuna kula wala kunywa, mbio hospitali. Kisu kikiwa bado kimezama msikichomoe, mara nyingine chenyewe ndo kimeziba mshipa. Kifungeni pembeni kisicheze.

Na mkifika semeni ajali ilitokea saa ngapi hasa. Kuna dawa ya kusaidia damu kuganda, tranekisamiki asidi, inasaidia ikitolewa ndani ya saa 3. Kila siku tunaletewa watu saa ya 9, ya 10.

---

Mvuvi_wa_Msimbati – saa 7 mchana

Niongezee la baharini japo sio swali. Enzi zile za baruti niliona mtu alikuwa anazamia, wenzake wakapiga bomu la samaki karibu, akatoka majini hana hata mkwaruzo. Jioni akaanza kuharisha damu. Daktari alikuja kutuambia mshindo ndani ya maji unaingia mwilini unapasua vyenye hewa, mapafu na utumbo. Alipasuliwa akakatwa kipande cha utumbo akaishi na mfuko wa choo ubavuni miezi kadhaa mpaka walipomrudishia. Alipona, ila baharini hakurudi tena. Kutokuwa na kidonda juu mimi tangu siku ile hakunidanganyi.

---

Kijana_wa_Mikindani – saa 9 alasiri

Mpwa mimi ndo mfano hai wa upande wa pili. Nilidondoka mnazini nina miaka 15, nilifika hospitali presha haisomeki, wakanipasua usiku uleule wakalitoa bandama. Nina mshono toka chini ya kifua mpaka chini ya kitovu. Sasa nina 31 naendesha bajaji, nina watoto wawili, kwa hiyo hata likitolewa mtu anaishi.

Ila nikuambie maisha yanavyokuwa, maana mimi hakuna aliyenieleza nilipotoka. Nikarudi nyumbani nikajua nimepona yameisha. Mwaka wa pili nikapata homa asubuhi, nikanunua dawa duka la dawa nikasema nitaona kesho, saa 12 jioni sijitambui. Nikalazwa siku 9. Ndo daktari mmoja mzee akanikalisha akanieleza, huna bandama, wadudu wa homa ya mapafu na wa uti wa mgongo wakiingia kwenye damu hakuna wa kuwakamata mapema, na malaria nayo inakupiga vibaya kuliko wenzako. Akasema chanjo zake zilitakiwa nipewe kama wiki 2 baada ya operesheni. Nilizipata miaka mitatu baadae na kuzitafuta kwenyewe haikuwa rahisi.

Mimi saivi homa kwangu ni hospitali saa ileile hata kama ni saa 9 usiku, nafika namwambia mtu wa kwanza kabisa "sina bandama". Nina kikaratasi kwenye pochi kimeandikwa hivyo nikikutwa sijitambui. Chandarua silali bila. Kwa hiyo ukisikia wanajaribu kuliokoa la mdogo wako usiseme wanachelewa, mimi laiti langu lingeachwa.

---

Mpwa_wa_Kitangari – Alhamisi, saa 3 usiku

Wakuu nashukuru sana, Bi Somoe shikamoo na asante, daktari na sista sina cha kuwalipa. Mwera_halisi pole sana kwa kaka yako, nimesoma ile yako mara tatu.

Leo asubuhi kabla ya raundi nilimsomea mjomba hapa nje yote. Aliposikia la mzee wa kuchua alinyamaza. Tulivyoingia akamwamkia daktari, akamuuliza yale maswali matatu kama yalivyo, thieta usiku, mtu wa usingizi, damu. Daktari akashangaa kidogo halafu akakaa kitandani akatueleza, thieta ipo, mtu wa usingizi yupo, damu ya kundi lake imebaki chupa 1. Akachukua mkono wa mjomba akauweka juu ya tumbo la dogo, akamwambia sikia hapa palivyo laini, siku pakikaza niite mimi. Kwa hiyo tumebaki. Tumeenda watu 5 kuchangia damu, mjomba ana miaka 61 nae wamempima wakamkubali.

---

Mpwa_wa_Kitangari – Jumamosi, saa 11 jioni

Jana usiku tuliogopa. Saa 5 mapigo yalipanda 116, akasema bega linarudi kuuma. Nilikimbia mpaka kwa daktari wa zamu kama nilivyoambiwa, alikuja dakika hiyohiyo. HB 7.1. Wakamrudia altrasaundi, wakaongeza chupa 2, na watu wa thieta wakaitwa wakakaa tayari, mama akasaini karatasi. Daktari alikaa kwenye kiti pale pembeni toka saa 6 mpaka saa 9, kila baada ya robo saa anashika mkono. Saa 9 mapigo 100. Asubuhi 94. Hakupasuliwa. Leo mchana karuhusiwa maji kidogo kidogo.

---

CO_Kusini – saa 1 usiku

Huyo aliyekaa kwenye kiti mpeni heshima yake, ndo kuangalia kwenyewe huko. Hesabu ya siku sasa imeanza upya toka jana, msiharakishe kumnyanyua.

---

Mpwa_wa_Kitangari – baada ya wiki mbili

Mrejesho. Alitoka hospitali siku ya 11. Anatembea taratibu, anakula. Wamesema miezi 3 hakuna pikipiki, hakuna mpira, hakuna kubeba, hakuna kupanda mti, na arudi kliniki baada ya wiki 2 apimwe HB na altrasaundi. Tumepewa dawa za kuongeza damu. Wameandika kwenye karatasi likitokea tumbo kuuma ghafla au bega au kizunguzungu turudi saa hiyohiyo.

Shida iliyobaki ni yeye mwenyewe, anasema anajisikia mzima na korosho zipo chini zinaota. Mjomba kachukua ufunguo wa pikipiki kaufunga kwenye shuka lake kaondoka nao Newala. Na lile gunia lilipasuka pale kwenye mchanga siku ya ajali, majirani walikuwa wameziokota zote wakazihifadhi, jana nimezipeleka ghalani zimepimwa kilo 71.

---

Nesi_wa_Zamu – saa 4 usiku

Alhamdulillah. Tarehe ya kliniki muiandike ukutani, na siku hiyo mje na mchangiaji mmoja wa damu mkiweza.